Waingereza Walipoondoka Kahawa, Nini Kilibaki Nanyuki?



Kila inapozuka habari ya Nanyuki, mabishano yetu huwa yale yale. Kuna upande unaosema Kenya haikupata uhuru wa kijeshi hata siku moja, ilibadilishwa bendera tu na Mzungu akabaki kambini. Upande mwengine unasema huu ni ushirikiano wa nchi mbili huru, unaleta fedha na mafunzo, na anayeupinga anataka Al-Shabaab wajitawalie Boni na Lamu. Halafu hutokea ndugu yetu mmoja wa Tanzania akatukumbusha kwamba wao waliachana na Waingereza mapema, wakaunda Jeshi la Wananchi, kazi ikaisha. Nimeyasoma haya mara nyingi mno na hakuna hata moja linalonitosheleza. Yote matatu yanachukulia kuwa kuondoka kwa jeshi la kigeni ni jambo moja na ushirikiano unaofuata ni jambo jengine. Mie naona kwa Afrika Mashariki mambo hayo mawili yalizaliwa siku moja, na karatasi iliyoandika "tunaondoka" ndiyo iliyoandika pia "tutarudi kwa masharti haya".

Hebu turudi Januari 1964, maana bila ya hapo hatuelewani. Tarehe 12 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda, na tarehe 24 usiku ikawa Lanet, karibu na Nakuru. Wote hawa walikuwa Keya wa jana waliobadilishiwa jina na beji, na maofisa wao wakubwa walikuwa bado Waingereza. Madai yao yalikuwa mishahara na vyeo. Timothy Parsons, katika kitabu chake cha 2003 juu ya maasi hayo matatu, anaonyesha kwamba askari wale walikuwa karibu zaidi na wafanyakazi waliogoma kuliko wanasiasa waliotaka ikulu. Naona yuko sahihi.

Lakini serikali zote tatu, ambazo hazikuwa na hata miaka mitatu ya uhuru, zilimwita yule yule aliyeondoka. Dar es Salaam walishushwa wanamaji wa Kiingereza kutoka manowari HMS Centaur tarehe 25 Januari, na kambi ikachukuliwa asubuhi hiyo hiyo. Kenya haikuwa na haja ya kuita kutoka mbali, kwani Waingereza walikuwa hawajaondoka. Walitoka kambini kwao wakaenda Lanet.

Aibu ilikuwa moja kwa wote watatu. Tofauti ni kila mmoja aliifanyia nini aibu hiyo.

Nyerere aliona fedheha na hakuficha. Mwezi wa Februari 1964 waliitwa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na matokeo yake Wanigeria wakaleta kikosi mwezi wa Aprili kuchukua nafasi ya Waingereza, wakakaa hadi Septemba. Tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ likaanzishwa rasmi na wakufunzi wa Kichina wakaanza kufika. Colito, jina la pahala pa Ethiopia palipopiganwa na Keya mwaka 1941, ikaja kuitwa Lugalo, pale ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani mwaka 1891. Sijui kama kuna badiliko jengine la jina la kambi katika Afrika Mashariki lililosema mengi kwa neno moja kama lile.

Kenyatta hakuifanya fedheha, aliifanya biashara. Kikosi kilichoasi kilivunjwa, waasi wakapelekwa mahakama ya kijeshi, na mwezi wa Machi alikuja Duncan Sandys, waziri wa Uingereza, wakakaa mezani. Makubaliano yakakamilishwa Juni 1964. Askari wa Kiingereza wangeondoka wote kufikia 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, kama ilivyokwishaahidiwa. Na kweli waliondoka, tusiwasingizie. Kambi yao kubwa ya Templer, pale Kahawa nje ya Nairobi, iliyojengwa ili wakae miaka na miaka, ilikabidhiwa serikali, na mwaka 1965 ikaanza kugeuzwa chuo. Ndicho leo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Wamo miongoni mwetu waliosomea isimu katika mabweni ya askari wa Malkia, na pengine hawajui.

Sasa angalieni upande wa pili wa karatasi ile ile. Uingereza ilikubali kuijengea Kenya jeshi la anga na jeshi la majini, kufundisha maofisa wake, kuipa zana na majengo kwa msaada, na kuisaidia uchukuzi katika vita vya Shifta kaskazini mashariki. Kenya nayo ikatoa ruhusa: ndege kupita na kutua, meli za kivita kutia nanga Mombasa, na askari wa Kiingereza kuja kufanya mazoezi katika ardhi ya nchi. Jeshi la anga lilianzishwa tarehe 1 Juni 1964. Jeshi la majini lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, yaani siku ile ile iliyokuwa mwisho wa kukaa askari wa Kiingereza, tena chini ya kamanda Mwingereza. Jeshi la nchi kavu lilimpata mkuu Mwafrika, Brigedia Ndolo, mwezi wa Desemba 1966. La anga na la majini yalingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Je, hii ni kufukuzwa au ni kubakia? Jawabu langu ni kwamba ilikuwa kubadilisha hati ya nyumba. Jana mgeni alikuwa anakaa kwa nguvu, leo anakuja kwa ruhusa. Tofauti hiyo si ndogo na wanaoidharau wanakosea, maana ruhusa inaweza kuondolewa na inaweza kutozwa bei. Ila ruhusa hutolewa na mtu, na swali la kwanza ni mtu huyo nani.

Hapo ndipo ninapogombana, kwa heshima, na Poppy Cullen, aliyeandika mwaka 2017 kitabu kuhusu Kenya na Uingereza baada ya uhuru. Hoja yake ni kwamba neno "ukoloni mamboleo" halitoshi: viongozi wa Kenya hawakuwa vibaraka, waliutaka uhusiano huu, waliupigania, wakapata walichokitaka. Na mfano wa kukazia hoja upo, nao ni yale maafikiano ya siri ya miaka ya sitini yanayoitwa ya Bamburi, ambapo Kenya iliomba ulinzi dhidi ya Somalia. Kumbukeni kwamba Waingereza hawakuahidi kuingia vitani, waliahidi kufikiria. Kenya ikashika hiyo hiyo "kufikiria" kwa miaka mingi na kuitia mfukoni kama hirizi. Zaidi ya hapo kulikuwa na mipango ya kumlinda Mzee mwenyewe na wale waliotakiwa kumrithi. Yote haya nayakubali. Ni kweli Kenya ilichagua. Lakini Kenya hapa ni nani? Waliokaa mezani walikuwa watu wachache, na walichonunua kwa ruhusa ya mazoezi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, usalama wa watu hao hao. Ardhi iliyolipwa haikuwa yao. Ilikuwa ya wafugaji wa Samburu na Laikipia, ambao hawakuulizwa mwaka 1964 wala baadaye. Mwanahistoria akitwambia "Waafrika nao walikuwa na uamuzi wao", basi atwambie pia Waafrika gani, na waliamua kwa mali ya nani.

Bei hiyo ililipwa wapi, tunaijua. Archer's Post na Dol Dol ndiko kulikofanyiwa mazoezi ya risasi za kweli, na mabomu ambayo hayakulipuka yakabaki chini, watoto wachunga mbuzi wakayaokota. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200, Wamaasai na Wasamburu, bila ya kukubali kuwa lawama yote ni yake. Baada ya hapo yakaja madai ya wanawake wengi waliosema walibakwa na askari kwa miongo kadhaa. Polisi wa kijeshi wa Kiingereza walichunguza, mwaka 2006 faili likafungwa, na hakuna aliyeshtakiwa.

Mwezi wa Machi 2012 mama mdogo wa miaka 21, mwenye mtoto mchanga, alionekana mara ya mwisho na askari wa Kiingereza katika hoteli ya Nanyuki. Maiti yake ilikutwa wiki kadhaa baadaye ndani ya tangi la maji machafu la hoteli hiyo. Hakimu wa Kenya aliyesikiliza uchunguzi wa kifo alisema mwaka 2019 kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza. Gazeti la London likaandika mwaka 2021 kwamba wenzake wa mtuhumiwa walikuwa wakijua muda wote. Ilifika Septemba 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa hati ya kumkamata askari mmoja wa zamani. Miaka 13. Yule mtoto mchanga amekuwa msichana anayejua kusoma habari za mama yake mwenyewe.

Watu husema hii ni kesi ya mtu mmoja mhalifu, na mikataba haina kosa. Hapana. Mambo haya yanaingia ndani ya mkataba moja kwa moja, kwa sababu kiini cha kila mkataba wa namna hii kimo katika kifungu kimoja kisichovutia macho: askari wa mgeni akitenda kosa katika ardhi ya mwenyeji, atahukumiwa na mahakama ya nani? Vifungu vya bunduki, mafunzo na ndege watu huvisoma. Hiki wanakiruka. Na kwa kawaida kimeandikwa kwa lugha ya "nchi yenye haki ya kwanza" na "kosa lililotendwa katika kazi rasmi", maneno ambayo mjane wa Nanyuki hawezi kuyatafuna hata kwa chai.

Na hapa lazima niwape Wakenya haki yao, jambo ambalo ndugu zangu wa upande wa kwanza hawapendi kulisikia. Mambo yamebadilika, na si kwa huruma ya Uingereza. Yamebadilika kwa sababu ya Katiba ya 2010 na sheria ya mikataba ya mwaka 2012, iliyosema mkataba na nchi ya nje lazima upite Bungeni. Yale ya 1964 na ya Bamburi yalikuwa ya faragha. Mkataba wa ulinzi uliotiwa saini Julai 2021, wa miaka mitano, ulibidi upelekwe kwa wabunge, ukakaa, ukarejeshwa, ukaridhiwa mwaka 2023, na suala lililowakwama kooni lilikuwa hilo hilo la mauaji na mahakama. Wakati huo huo wakazi wa Lolldaiga walikwishafungua kesi, kwani mwezi wa Machi 2021 moto uliotokea katika mazoezi uliteketeza zaidi ya ekari 10,000 za mbuga. Uingereza ilisimama na kinga ya dola. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira pale Nanyuki ikaikataa kinga hiyo, kwa sababu nchi hizi mbili zilikwishaandikiana kwamba madai ya aina hii yatasikilizwa. Na mwaka 2024 kamati ya Bunge ikaenda Laikipia na Samburu kuwasikiliza watu wenyewe, chini ya miti na kwenye kumbi, waseme wenyewe yaliyowapata.

Kwa hiyo anayesema "hakuna kilichobadilika tangu 1964" hajafuatilia. Aliyebadilika ni mwenyeji. Mgeni bado ni yule yule, tena mwaka 2021 alizindua kambi mpya ya Nyati iliyomgharimu pauni milioni 70, na mtu hatumii fedha hizo kwa nyumba ya kupanga mwaka mmoja.

Nirudi kwa ndugu yetu wa Tanzania, kwani nimemwacha amesimama. Ndugu yangu, Tanzania haikuukata ushirikiano wa kijeshi na wageni. Iliugawa mafungu ili asiwepo bwana mmoja. Wachina kwa askari wa miguu, Wajerumani wa Magharibi kwa ndege, Wakanada kwa vyuo na mipango. Ni siasa ya busara, na kila mmoja alijaribu kuivunja. Bonn walipoona Ujerumani ya Mashariki imepata mlango Dar es Salaam kwa sababu ya Zanzibar, mwaka 1965 waliwatoa wakufunzi wao wa anga ili kumtisha Nyerere. Yeye akawaambia wachukue na msaada wao mwengine uliobaki. Wakanada waliongeza kazi yao ikafika hadi mambo ya anga, wakaondoka mwaka 1970. Baada ya hapo aliyebaki mkubwa ni Mchina, na amebaki hadi leo: chuo cha ulinzi cha Kunduchi kilichofunguliwa mwaka 2012, kituo cha mafunzo cha Mapinga mwaka 2018, na mazoezi ya pamoja ya mwaka 2024 ambayo Msumbiji nayo ilishiriki. Simlaumu mtu. Lakini yale mafungu ya Mwalimu yalikusudiwa yawe mengi, na hesabu ya mikono inaonyesha fungu moja limekuwa kubwa kupita yote.

Tena nawauliza wanaojivunia: makubaliano hayo na China, nani kati yenu amewahi kuyashika mkononi akayasoma kifungu kwa kifungu, kama Mkenya anavyoweza leo kuusoma wake? Sisi tunaipata habari siku ya kukata utepe. Ajabu yake ni kwamba Kenya, iliyoanza kwa siri, imefikia mahali mkataba unajadiliwa hadharani na wabunge wakapandisha sauti, na Tanzania, iliyoanza kwa kuitisha Afrika nzima ije ijadili, imeishia kwenye ukimya.

Na tusisahau kwamba Tanzania nayo ilikuwa jeshi la mgeni. Iliingia Kampala Aprili 1979, ikabaki kulinda na kufundisha jeshi jipya la Uganda, na wengi wa askari wake waliondoka kufikia katikati ya 1981. Walipoondoka, Uganda ikaingia katika miaka mitano ya damu, na wakufunzi wa Jumuiya ya Madola na wa Korea Kaskazini wakajaribu kuziba pengo. Ukitaka kujua kwamba kuondoka peke yake si dawa, waulize watu wa Luwero.

Wenzangu mlioko Ghuba mna mfano wenu na mnaujua kuliko mimi. Uingereza ilijitoa Ghuba mwaka 1971, ikaondoa ndege zake Salalah na Masirah mwaka 1977, lakini maofisa wa kuazimwa walibaki ndani ya jeshi la Oman kwa miaka mingi, na mwaka 2019 nchi hizo mbili zilitiliana saini mkataba mpya wa ulinzi, meli zao zikiwa na makao Duqm. Baadhi ya wajomba zetu waliotoka Unguja na Mombasa walifanya kazi katika jeshi lile, wakizungumza Kiswahili baina yao na Kiingereza na mkubwa wao. Historia hiyo haijaandikwa na waliokuwemo wanazidi kupungua. Mwenye mzee nyumbani amkalie na kinasa sauti mwezi huu, asingoje likizo.

Nina jambo moja la mwisho, nalo ni la lugha, kazi yetu wengi hapa. Neno "ushirikiano" limechoka kwa kutumiwa. Washirika wawili hugawana faida na hasara. Hapa mmoja anakuja na bunduki zake kufanya mazoezi kwa mwenzake, na huyo mwenzake hana eneo la mazoezi Wiltshire. Kiswahili kina neno la wazi kwa hali hiyo, nalo ni ugeni, na ugeni una adabu zake: siku ya tatu tunampa mgeni jembe, wala hatumpi ufunguo wa ghala. Laiti mkataba wa 2021 ungeandikwa kwa lugha hiyo, kila mzee wa Doldol angejua umekosa nini. Lakini uliandikwa kwa Kiingereza, kama kilivyoandikwa kwa Kiingereza hata kile kitabu cha JWTZ lenyewe juu ya maasi ya 1964, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1993. Jeshi la Wananchi lakini wananchi wengi hawawezi kulisoma.

Katiba ya Kenya inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mkataba wa 2021 ulitiwa saini kwa miaka mitano, na kuna kazi ambayo haihitaji fedha wala ruhusa ya wizara: kukaa, watu watano au sita wenye sheria na wenye lugha, tukautafsiri wote, na kifungu cha mahakama kabla ya vyengine vyote, kisha nakala zipelekwe Nanyuki, Dol Dol na Archer's Post. Mimi nimeanza na kifungu hicho. "Haki ya kwanza ya kuhukumu" nimeiacha hivyo kwa sasa, ila siipendi. Mwenye neno bora alilete.

Wasalaam.